Mita Inasoma 236, Pampu Haizunguki

Mhadhara kwa mafundi wa stima na walimu wa fizikia, Kisumu

Wazee wangu, walimu, ndugu mafundi, hamjambo? Viti vya mbele naviona vitupu. Sogeeni, kuna namba za kusoma hapa na si kubwa.

Mezani nina birika la umeme la wati 2000, ekstensheni ya mita 50 yenye waya wa 1.5, yaani shaba yenye unene wa milimita za mraba 1.5, na mita ya kupimia volti. Ekstensheni nimeichomeka kwenye soketi ile ya ukutani. Birika halijawashwa. Kijana, njoo utusomee upande huu wa mwisho. Anasema volti 236. Haya, washa birika. Soma tena. 225.

Volti 11 zimekwenda wapi?

Nasikia mtu kule nyuma anasema stima ya leo iko chini. Ndilo jibu letu sisi mafundi, na mteja hulikubali haraka kwa sababu kila mtu ana ugomvi wake na kampuni ya stima. Lakini sekunde moja kabla ya kuwasha birika stima haikuwa chini. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mkondo unaopita.

Volteji ni mkondo mara ukinzani, yaani mara ule ugumu wa waya kupitisha mkondo. Kila aliyepita sekondari aliikariri sentensi hiyo, akaitumia kwenye mtihani, kisha akaiacha darasani. Tuitumie hapa. Waya wa shaba wa 1.5 una ukinzani wa omu 12.1 kwa kila kilomita. Ekstensheni ni mita 50, lakini umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 100: omu 1.21. Birika hili lina omu karibu 28.8. Likipata volti 225 linavuta ampia 7.8. Zidisha 7.8 kwa 1.21, unapata volti 9 na nusu. Hizo zimebaki ndani ya ekstensheni. Volti 1 na nusu iliyosalia imepotea kwenye nyaya za jengo hili na zile zinazotoka kwenye transfoma hadi hapa. Kampuni, kwa leo, ina kesi ya volti 1 na nusu tu.

Sasa tazameni ile 236 ya kwanza. Mkondo ulikuwa sifuri. Sifuri mara omu 1.21 ni sifuri. Ungeweka waya mwembamba kama uzi, au kiungo kilichoshika kwa ncha tu, mita ingeendelea kukuonyesha 236 na wewe ungefunga begi lako ukaenda nyumbani. Mita yenyewe haivuti mkondo wa maana. Ndiyo maana mkulima wa kule Ahero anakuita mara ya pili na ya tatu: pampu inanguruma haizunguki, wewe unapima soketi pampu ikiwa imechomolewa, unamwambia stima iko sawa. Pima mzigo ukiwa unafanya kazi.

Walimu hupenda mfano wa tangi na bomba, na kwa kuanzia si mbaya. Ila una udanganyifu wake. Ukikata bomba maji yanamwagika. Ukikata waya, mkondo unakoma saketi nzima kwa mara moja, ukiwa umekata kabla ya balbu au baada yake. Tena mfano huo unawaachia wanafunzi imani kwamba balbu "inakula" mkondo, kwamba unaingia mwingi unatoka mchache. Hapana. Ampia 7.8 zinazoingia kwenye birika ndizo ampia 7.8 zinazotoka. Kinachogawanywa njiani ni volteji, na kila kipande cha saketi kinachukua fungu kulingana na ukinzani wake.

Georg Simon Ohm, Mjerumani, mtoto wa fundi wa makufuli, alikutana na shida hii hii. Alikuwa akifundisha shule huko Cologne. Mwaka 1825 alichapisha matokeo ya majaribio yake na fomyula yake haikuwa sahihi. Betri za wakati ule zilikuwa zikishuka mara tu unapozibebesha mzigo, kwa hiyo alikuwa akibadilisha waya na chanzo nacho kinabadilika mkononi mwake. Poggendorff, mwanafizikia mwenzake, akamshauri aache betri, atumie joto. Ohm akaunganisha shaba na bismathi, metali mbili ambazo viungo vyake vikitofautiana joto hutoa volteji; kiungo kimoja akakiweka kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye barafu. Volteji ndogo sana, lakini imetulia. Hapo ndipo namba zilipokubali kupangika, na mwaka 1827 akatoa kitabu chake. Kwao hakikupokewa vizuri. Waingereza ndio waliompa medali ya Copley, tuzo ya wanasayansi wao, mwaka 1841.

Turudi kwenye birika. Volteji imeshuka kutoka 240 iliyoandikwa kwenye kibati chake hadi 225, yaani asilimia 6 hivi. Joto limeshuka asilimia 12, kwa sababu volteji ikipungua na mkondo nao unapungua, unapigwa mara mbili. Chai itachelewa, basi. Mota haina unyenyekevu huo. Mota yenye mzigo ikinyimwa volteji inazunguka kwa shida na kuvuta mkondo zaidi, mkondo ukizidi waya unakula volteji zaidi, na mwisho wake mnaujua nyinyi mnaofunga koili upya. Wakati wa kuanza ndio mbaya kabisa, maana mota inaweza kutaka mara 5 au 6 ya mkondo wake wa kawaida. Pampu ya ampia 10 iliyo mita 100 kutoka nyumbani, kwa waya wa 1.5, inapoteza volti 24 ikiwa tayari inazunguka. Mteja anayekataa waya wa 6 kwa sababu ya bei atalipa fundi wa koili.

Gusa ekstensheni hii. Imeanza kuwa vuguvugu, sivyo? Ampia 7.8 mara volti 9 na nusu ni wati 74, na kwa vile nimeiacha imezungushwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea. Wati 74 zilizotapakaa kwenye waya mrefu zinavumilika. Sasa chukua skrubu iliyolegea kwenye swichi ya shawa ya moto, nusu omu tu, na shawa inavuta ampia 20. Mkondo mara mkondo mara ukinzani: 20 mara 20 mara nusu, wati 200, mahali padogo kuliko ncha ya kidole. Kwanza plastiki inakuwa ya kahawia, kisha unasikia ile harufu kama ya samaki aliyeungua, na breka haianguki, kwa sababu mkondo haujazidi. Breka inalinda waya usipitishe mkondo wa kupita kiasi. Skrubu iliyolegea haiioni.

Kwa sababu hiyo hiyo, umeme wa Sondu Miriu, kile kituo cha umeme wa maji, hausafiri kwa volti 240. Kituo kile kina megawati 60. Kwa hesabu ya nyaya mbili, tuziache fazi tatu kwa sasa, volti 240 zingehitaji ampia 250,000. Kwa volti 132,000 zinatosha ampia 455. Mkondo umepungua mara 550, na joto linalopotea kwenye waya ule ule limepungua mara 550 mara 550, zaidi ya laki tatu.

Tahadhari moja kwa walimu: msimpe mwanafunzi balbu ya zamani ya wati 60 apime ukinzani kwa mita kisha akokotoe. Ikiwa baridi itasoma omu 70 hivi. Ikiwaka ni 960, kwa sababu uzi umepata moto. Na kwa taa ya LED mkondo hauongezeki sawasawa na volteji hata kidogo.

Mama pale dirishani ana swali. Ana sola, TV yake ya volti 12 inajizima usiku, na fundi amepima betri akakuta 12.4, akamwambia TV ni mbovu. Mama, TV ni ya wati ngapi? 60. Na betri iko wapi? Jikoni, hatua kama kumi kutoka sebuleni. Waya ni ule mwembamba wa taa, tuseme 1.5.

Basi, wati 60 kwa volti 12 ni ampia 5. Mita 10 kwenda, 10 kurudi, omu 0.24. Volti 1.2 zinabaki njiani. Kwa stima ya 240 usingezijua. Kwako ni sehemu ya kumi. TV inapata 11.2, na betri yenyewe ikianza kubeba mzigo inashuka kidogo tena. Ile 12.4 ilipimwa TV ikiwa imezimwa, sivyo? Mwambie fundi aiwashe, apime nyuma ya TV. Kisha aweke waya wa 6, utapoteza volti 0.3, au betri ihamie sebuleni, mahali penye hewa, na huo waya mrefu ubaki upande wa paneli.