Doriani Ndani ya Daladala

RUKIA: Assalamu alaikum wasikilizaji. Msimu wa doriani huu, lile tunda la miba lenye harufu kali, na Haji kaja studio kanuna.

HAJI: Waalaikumu salaam. Sikununa dada, nimeudhika. Juzi natoka Kizimbani, hapa Zanzibar, na madoriani mawili kwenye pakacha, nampelekea mama. Konda kapokea nauli, gari ikaenda. Mara nyuma huko mtu anasema, "Jamani, nini hiki?" Kufika kituo cha mbele nikashushwa, mimi na pakacha langu.

RUKIA: Yalikuwa yamepasuka?

HAJI: Moja lilianza kuachia chini, kwenye mshono. Doriani lililoiva ndivyo linavyokuwa.

RUKIA: Basi konda ana haki. Harufu ile inatokana na kemikali zenye salfa, pakacha haliizuii. Singapore kwenye treni zao wamebandika alama kabisa: doriani marufuku.

HAJI: Treni za Singapore zimefungwa vioo, zina kiyoyozi. Gari yetu ya mbao, pembeni wazi, upepo unapita. Kila siku tunapanda na samaki, maji yanatiririka miguuni mwa watu, hashushwi mtu.

RUKIA: Samaki ni kitoweo, kila nyumba inamtaka. Mjamzito je, mwenye kichefuchefu?

HAJI: Mjamzito alikuwepo, kakaa ubavuni mwangu. Ndiye aliyeniuliza nimeyanunua bei gani!

RUKIA: (anacheka) Ungeyafunga juu ya keria.

HAJI: Kwenye jua lile? Yafike yamechacha? Mimi nimelipa nauli, na mzigo wangu uko mapajani.

RUKIA: Na pua za watu umezilipia? Haya, turudi kwenye mada, tuliahidi kuzungumzia faida zake. Gramu 100 za nyama ya doriani zina kalori kama 147. Ndizi mbivu kiasi hicho hicho, 89 hivi. Doriani lina wanga gramu 27, na mafuta gramu 5, kitu ambacho matunda mengi hayana. Nyuzinyuzi karibu gramu 4, na vitamini C miligramu kama 20. Ni tunda la kushibisha.

HAJI: Ndiyo maana nampelekea mama. Analipasua mwenyewe: anatafuta mshono, anatia ncha ya kisu, anapindua, linaachia. Halafu anatoa kokwa moja moja, anakula nyama yake taratibu mpaka kokwa inabaki tupu.

RUKIA: Mama mwenye sukari, Haji.

HAJI: Nilijua utafika hapo. Kuna utafiti wa Malaysia wa 2008, walipima matunda. Nanasi lilipandisha sukari haraka kuliko doriani, tena kwa mbali. Nyuzinyuzi na mafuta yanachelewesha. Na mama nanasi anakula, hakuna anayemkataza.

RUKIA: Waliopimwa walikuwa watu wazima wa afya, si wagonjwa. Halafu wanga ni ule ule, unachelewa tu kufika. Mama yako anakula kokwa ngapi?

HAJI: Anazotosheka.

RUKIA: Unaona?

HAJI: Dada, mzee wa watu kaachishwa chai ya sukari, kaachishwa halua, kaachishwa ndizi ya kukaanga. Doriani ni msimu mmoja kwa mwaka. Nikimpa kokwa mbili, akapunguza wali usiku, kosa liko wapi?

RUKIA: Kosa ni kwamba hizo mbili unazihesabu wewe hapa studio. Pale nyumbani nani anahesabu? Nimewauguza wenye sukari, vidonda vya miguu nimeviosha kwa mikono hii. Mimi simpi.

HAJI: Mimi nampa.

RUKIA: Umpime basi, kabla na saa mbili baada ya kula.

HAJI: Kipimo anacho. Lakini kumpa nampa.

RUKIA: Fundi ananionesha dakika mbili. Na hatujagusa namna ya kuchagua lililoiva, wala kokwa za kuchemsha...

HAJI: Kokwa mbichi zisiliwe, hilo litoke.

RUKIA: Na wenye maradhi ya figo, sikilizeni: doriani lina potasiamu nyingi, miligramu 436 kwa gramu 100, linaipita ndizi. Figo zikishindwa kuitoa, moyo ndio unaodhurika. Muulizeni daktari wenu kabla ya kuonja.

HAJI: Hapo sina ubishi.

RUKIA: Na la sukari?

HAJI: La sukari ninao, dada. Wiki ijayo nakuja na daftari la vipimo vya mama.

RUKIA: Lete. Ila doriani usije nalo kwenye gari yangu.