Pedeli na Moyo: Nani Anasema Kweli?

Jamani, sogeeni mbele, huko nyuma feni haifiki.

Nianze na Jumapili moja ya Februari. Nilitoka hapa Dar kwenda Bagamoyo kwa baiskeli, nikiwa nimepanga kushika wati 180, yaani nguvu ya kukanyaga pedeli, mwanzo mwisho, nikazishika. Nusu saa ya kwanza moyo ulipiga mara 138 kwa dakika. Saa mbili baadaye, jua limeshapanda, wati ni zile zile 180, moyo uko 154. Haya, niambieni: bidii ilikuwa ile ile au iliongezeka?

Naona mmegawanyika. Wote mko sawa! Kipima wati kinajua kitu kimoja tu: mguu unakandamiza kwa nguvu gani, na pedeli inazunguka kwa kasi gani. Hakijui kama umekesha msibani au umetoka kuugua malaria juzi. Moyo unajua. Kwenye joto, damu nyingi inapelekwa kwenye ngozi ili mwili upoe, na jasho nalo linapunguza maji ya damu. Kila pigo linasukuma damu kidogo kuliko mwanzo, kwa hiyo moyo unafidia kwa kupiga haraka. Yale mapigo 16 ya ziada ndiyo gharama ya jua, na ya chupa moja ya maji niliyobeba badala ya mbili.

Lakini moyo nao una ugonjwa wake: unachelewa. Kimbiza baiskeli kwa sekunde 30 kisha tazama mapigo kwenye saa ya mkononi. Mapigo yanafika juu wakati wewe umeshaacha kukanyaga. Waliopanda Lushoto kutoka Mombo wanalijua hilo. Kona za mwanzo miguu ni mipya, mapigo bado yako chini, unajiona bingwa. Moyo unapokuja kukushtaki, deni limeshaiva. Hapo wati zingekuonya mapema. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyetwaa Tour de France mara 4, alitaniwa sana kwa kuinamia kile kioo cha namba kwenye usukani. Waliomtania wengi walimwona mgongo.

Kujua kiwango chako, endesha dakika 20 kwa kadiri unavyoweza bila kukatika, chukua wastani wa wati, toa asilimia 5. Hicho ni makadirio ya unachoweza kukishika kwa saa nzima. Ile hesabu ya 220 toa umri, ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo, msiiamini sana. Watu wa umri mmoja hupishana hata kwa mapigo 10 na zaidi.

Ndiyo, mama, nimekuona. Kipima wati ni ghali, bei yake inanunua baiskeli nzima ya mtumba. Anza na mkanda wa kifuani unaopima mapigo ya moyo. Hata huo ukikosekana, ongea: ukimaliza sentensi bila kuhema, hiyo ni safari nyepesi; yakitoka maneno mawili matatu tu, umeshaingia kwenye kazi.

Nani kaja na mkanda? Ulowanishe kwanza, ukiwa mkavu hausomi vizuri. Twendeni nje.