Duka la michezo Mwanza: usiuze tu, kodisha

Mwangaluka, watu wangu! Leo hamnioni na theluji nyuma yangu. Nipo nyumbani Mwanza, likizo, na hapa niliposimama ni Capri Point. Kile kisiwa mnachokiona ni Saanane. Upepo wa ziwa unapiga kwenye maiki, mtanivumilia.

Kwa waliojiunga karibuni, mimi naishi Grenoble, Ufaransa, mji ulioandaa Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1968, na nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya michezo. Leo naongea na wenye maduka ya michezo wa huku kwetu, na yeyote mwenye mtaji kidogo anayewaza kufungua duka kama hilo. Ninachoamini ni kwamba duka la michezo la Mwanza linaweza kuishi vizuri kwa kukodisha, na liishi miaka mingi, mradi likodishe kwa vikundi. Hilo la vikundi nitalirudia, lishikeni.

Kwanza niwaeleze kazi yangu. Wakati wa baridi duka letu linakodisha ski, yaani vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji, pamoja na viatu vyake, fimbo na helmeti. Wakati wa joto tunakodisha baiskeli za milimani. Mfaransa anayepanda mlimani wiki moja kwa mwaka, na watoto ambao miguu yao inakua kila mwaka, anunue vyote hivyo vya nini? Anakuja kwetu. Namuuliza uzito, urefu, umri, na anajua kuteleza kiasi gani. Napima soli ya kiatu, halafu narekebisha skrubu ya kibanio, kile kinachoshika kiatu kwenye ski, ili akianguka vibaya kiatu kichomoke kabla mguu haujavunjika. Ukikaza mno umemuumiza, ukilegeza mno ski itamtoka akiwa kwenye mteremko. Ujuzi huo ndio unaomrudisha mteja mwaka unaofuata.

Jioni kiatu kinarudi. Naingiza mkono ndani mpaka kwenye vidole, natafuta unyevu na mshono uliofumuka. Napuliza dawa ya kuua vijidudu, halafu nakivika kwenye bomba linalotoa hewa ya moto usiku kucha. Asubuhi kikavu, hakinuki, anavaa mtu mwingine. Msimu ukiisha, vilivyoanza kuchoka tunaviuza kwa bei ya mtumba, na wanunuzi hawakosekani. Kitu kimoja kimeingiza hela msimu mzima, na mwisho bado kimeuzwa.

Sasa msiniambie Mwanza hatujui kukodi. Nani hapa aliyefanya harusi akanunua viti? Tunakodi viti, maturubai, masufuria ya pilau, muziki, suti ya bwana harusi, shela la bibi harusi, na hakuna anayeona aibu. Wengi wetu tuliokulia Mabatini na Igogo tulijifunza baiskeli kwa zile za kukodi, umemlipa jamaa hela yake unazunguka mtaa mpaka akuite. Biashara yenyewe tunaijua toka utotoni. Ila ukifika kwenye njumu, mipira na vifaa vya mazoezi, ghafla kila mtu lazima anunue chake.

Juzi nilishinda dukani kwa mjomba wangu, Makoroboi. Mipira imening'inia kwenye nyavu mlangoni, jezi za Simba, Yanga na Pamba Jiji zimepangwa ukutani, na yeye kakaa katikati ya mzigo anasubiri. Mipira anayouza sana ni ile ya bei ya chini kabisa, kwa sababu mteja akija anataka apunguziwe mpaka basi. Mpira huo ukipigwa kwenye changarawe wiki chache, ngozi inaanza kubanduka, halafu unakuwa na umbo la parachichi. Unatupwa. Mvua ya Mwanza mnaijua, inazoa kila kilichotupwa mitaroni inakiingiza Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani. Na maji ya bomba ya jiji hili yanavutwa kutoka ziwa hilihili, mtambo mmoja uko hapahapa Capri Point. Jamani, tunakunywa tunapotupa.

Muuzaji mpira ukishatoka mlangoni, ukipasuka kesho ni shida ya aliyenunua. Mkodishaji ukipasuka umepasuka mfukoni mwake. Kwa hiyo mkodishaji atatafuta mpira mgumu, njumu zilizoshonwa, na fundi wa kuziba na kushona kabla tundu halijawa kubwa. Hapo ndipo mazingira yanapopona, kwa sababu mwenye duka mwenyewe sasa ana faida kitu kikidumu. Kule Ufaransa wametunga sheria mwaka 2020 inayokataza kampuni kuteketeza bidhaa ambazo hazikuuzika, na naiunga mkono. Lakini kwa hapa kwetu mimi nategemea zaidi tamaa ya mfanyabiashara ya kuona kifaa chake kinaishi.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme umenunua seti ya timu, vizibao vya mazoezi, koni, pampu na mipira minne ya maana, kwa shilingi 400,000. Ukikodisha shilingi 20,000 kwa bonanza moja, mabonanza 20 yamerudisha hela yako. Jiji hili wikiendi gani haina bonanza? Bado kuna kufua, kuna kuziba, kuna wiki za masika ambazo simu hailii. Ziweke kwenye bei tangu mwanzo, usizisubiri zikuumize.

Sasa vikundi. Mjomba swali lake la kwanza lilikuwa, "Na wakiondoka navyo?" Ni swali halali kabisa. Kule dukani Grenoble nazuia kiasi fulani kwenye kadi ya benki ya mteja mpaka arudishe mzigo. Hapa wateja wengi hawana kadi ya namna hiyo, na kushikilia kitambulisho cha mtu sikushauri, kikipotea mikononi mwako umejitafutia kesi. Ndiyo maana nasema mkodishe shule, ofisi, timu ya maveterani, kikundi cha jogging. Hao wana viongozi, wana muhuri, wana mahali unapowapata Jumatatu asubuhi. Kapteni anasaini, dhamana inaingia kwa simu, vifaa vikirudi vizima dhamana inarudi palepale mbele yake. Na mnavihesabu pamoja, kimoja kimoja, wakati wa kutoa na wakati wa kupokea.

Halafu angalia kalenda yetu. Mei Mosi wafanyakazi wanacheza, na kuvuta kamba lazima kuwepo. Kila taasisi inanunua kamba yake, inavutwa siku chache, inatupwa stoo panya waitafune mpaka mwakani. Duka moja lenye kamba mbili nzuri lingehudumia ofisi ngapi? Ikija UMITASHUMTA na UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, shule zinahangaika na njumu. Mtoto wa darasa la sita ukimnunulia leo, mwakani hazimuingii. Huyu ndiye mteja wa kukodi kuliko wote. Aje na soksi zake, wewe njumu ikirudi ipige brashi, ijaze magazeti, ianike. Kule tunalipia umeme kukausha viatu, hapa jua tunalo bure.

Uswidi wana kitu kinaitwa Fritidsbanken, kilianza mwaka 2013, watu wanaazima vifaa vya michezo siku 14 bila kulipa. Ni kizuri sana, lakini nyuma yake zipo halmashauri. Mjomba wangu hana halmashauri nyuma yake, ana kodi ya fremu.

Kuna vifaa viwili sitaki mtu avifanyie mzaha. Cha kwanza helmeti ya baiskeli. Ikishapata kishindo kikubwa inaondolewa kwenye kukodishwa hata kama nje haina mkwaruzo, kwa sababu povu la ndani likishabonyea halirudi. Cha pili jaketi okozi, na hapa naomba mnisikilize watu wa ziwani. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilizama pale kisiwa cha Ukara na zaidi ya watu 200 wakapotea. Hakuna mtu wa kanda hii asiyeikumbuka siku ile. Leo familia zinakodi mtumbwi kwenda kupunga upepo, na mtoto anavalishwa jaketi la mtu mzima linalomtoka kichwani. Duka linaloweka jaketi za watoto kwa uzito wao, linakagua vifungo na mikanda kila zinaporudi, na linakataza watu kuzikalia kama mto, kwa sababu kuzikalia kunabana povu na uwezo wa kuelea unapungua, hilo duka mimi nitalitangaza kwenye kila video.

Mjomba amekubali kuanza na vizibao, mipira na kamba. Njumu za watoto anataka kwanza ajue namba zipi zinatakiwa. Kwa hiyo walimu wa michezo wa Nyamagana, Ilemela, Misungwi, Magu, hata nyie wa Sengerema mliovushwa na daraja jipya la Kigongo hadi Busisi: niandikieni hapo chini shule yenu inakwama kwenye kifaa gani, na watoto wenu wanavaa njumu namba ngapi. Nitampelekea orodha kabla sijapanda ndege.