Miaka ishirini na zaidi ya kimya: makala ya Michell ya 1898 na jinsi tunavyopima utafiti

Wakuu wa idara, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokosa viti mkakaa kwenye ngazi, ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa niseme juu ya kupima kazi ya mtafiti kwa idadi ya mara anazorejelewa na wenzake. Nitapitia kwa mtu mmoja, John Henry Michell, maana katika fani yetu ya mwendo wa vyombo majini sikijui kisa kingine kinachonigusa kama chake.

Michell alizaliwa mwaka 1863 huko Maldon, mji wa machimbo ya dhahabu katika jimbo la Victoria, Australia. Alisoma Melbourne, akaenda Cambridge, akarudi Melbourne kufundisha. Mwaka 1893 alikokotoa kimo cha juu kabisa ambacho wimbi la maji ya kina kirefu linaweza kukifikia: takriban sehemu moja ya saba ya umbali wa kutoka kilele hadi kilele. Miaka mitano baadaye akachapisha katika jarida la Philosophical Magazine makala juu ya ukinzani wa mawimbi dhidi ya meli.

Hapo tutulie kidogo. Chombo kikienda hudaiwa mara mbili: kwa kusuguana na maji, na kwa kuzua mawimbi. Yale mawimbi yanayotanuka nyuma ya boti ni nishati, na mafuta yake yameshalipiwa. Mwingereza William Froude ndiye aliyetufundisha kuyatenga madeni hayo mawili. Mwaka 1872 alijenga tangi refu huko Torquay, akawa anakokota ndani yake vielelezo vya meli vilivyoundwa kwa nta. Tangu hapo, mwenye kutaka kujua ukinzani wa meli ambayo haijajengwa alikuwa hana budi kuunda kielelezo na kukikokota.

Michell akaja na njia ya karatasi na kalamu. Tuseme chombo ni chembamba sana kikilinganishwa na urefu wake. Kutoka omo, yaani mbele ya chombo, ubavu unapopanuka, maji yanasukumwa pembeni; ukianza kujikunja kuelekea tezi, yaani nyuma yake, maji yanarudi. Basi uondoe ubavu wenyewe, na kwenye bapa la katikati upange vyanzo vinavyotoa maji na vingine vinavyoyanywa, nguvu ya kila kimoja ikifuata mteremko wa ubavu mahali pake. Kila chanzo kinazua mawimbi yake. Yajumlishe yote, unapata integrali moja, yaani jumla ya vipande vidogo visivyohesabika, inayokupa ukinzani. Nayo inaonyesha kwa nini ukinzani haupandi kwa ulaini mwendo unapoongezeka: kuna kasi ambazo mawimbi ya omo na ya tezi hukutana yakakuzana, na kasi ambazo huuana.

Waunda meli hawakuitikia. Kuikokotoa integrali ile kwa mkono kulikuwa kazi ya kuchosha mno, mwandishi alikuwa mbali na viwanda vya meli, na jarida lilikuwa la wanafizikia. Michell aliacha kuchapisha utafiti mwaka 1902, mwaka uleule alipochaguliwa kuingia Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, naye akaishi hadi 1940. Wapo wanaodhani alivunjika moyo. Wakati huohuo mdogo wake, Anthony, alipata hataza mwaka 1905 kwa beringi inayobeba msukumo wa parafujo ya meli juu ya utando wa mafuta, na jina la Michell likaingia vyumba vya injini kwa mlango huo.

Ilifika miaka ya 1920 ndipo Thomas Havelock wa Newcastle akaikamata nadharia ile, na William Wigley akailinganisha na vipimo vya tangi la Teddington. Umbo rahisi alilolitumia Wigley bado ndilo mwanafunzi hupewa kwanza ajaribie programu yake.

Sasa tupime kwa vipimo vyetu. Kipimo cha athari cha jarida huhesabu marejeleo ya makala za miaka 2 iliyotangulia tu. Kwa kipimo hicho, makala ya 1898 ni kama haikuandikwa. Faharasa ya marejeleo ya sayansi yenyewe ilianza kutolewa miaka ya 1960. Na leo wengi huandika “integrali ya Michell” bila kuitaja makala katika orodha yao, kama ambavyo hakuna anayemrejelea Froude anapotumia namba ya Froude, ile inayopima kasi ya chombo kwa kuilinganisha na urefu wake. Jina likishakuwa chombo cha kazi, hesabu hailioni. Ndiyo maana nawasihi wanaokaa kwenye kamati za kupandisha watu vyeo: isomeni kazi yenyewe kabla ya kutazama namba.

Nadharia hii ina mipaka yake. Haijali unato wa maji, yaani ule mnato unaozaa msuguano, na kwa meli pana ya mizigo hupotoka vibaya. Lakini boti za kasi zinazovuka kati ya Dar es Salaam na Unguja zina matumbo mawili, kila moja jembamba na refu, karibu sana na chombo alichokifikiria Michell. Kadhaa kati yake ziliundwa Hobart, katika nchi yake mwenyewe. Tumbo moja la namna hiyo tutalikokotoa hapa ubaoni sasa hivi. Mwenye kikokotoo akitoe.