Chunusi za dawa za akili: jinsi ninavyotunza ngozi bila kuacha vidonge

Mwakeye ndugu zangu, karibuni. Leo narekodi nikiwa nyumbani, hapa Mwanga, Kigoma mjini, kabla jua halijapanda na kabla wateja wa cherehani hawajaanza kubisha hodi. Sijapaka kitu usoni. Nimeacha hivyo makusudi ili muione ngozi yenyewe. Tazama hapa kwenye taya, na hapa chini ya sikio. Haya madoa meusi ni ya chunusi za zamani. Hivi viwili vilivyovimba ni vipya, vya wiki hii. Nina miaka 36, balehe niliiaga zamani.

Natumia lithiamu kwa ajili ya baipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi. Nilianzishiwa nilipokuwa Dar es Salaam, nikarudi nayo nyumbani. Nataja wazi kwa sababu najua kuna anayetazama video hii akiwa amejifungia chumbani, simu imepunguzwa sauti, akijiuliza kama ni yeye peke yake. Si wewe peke yako. Dawa kadhaa za akili huleta chunusi kwa watu wazima, na lithiamu ndiyo inayojulikana zaidi kwa hilo.

Kabla sijafungua hata sabuni, nakuomba jambo moja: usiache dawa kwa sababu ya uso. Mimi niliacha. Nilikuwa nimechoka kuulizwa nimefanya nini ngozi yangu, basi nikaficha vidonge ndani ya mkebe wa vifungo na kumwambia mama kwamba nameza. Wiki chache baadaye nilikuwa silali kabisa, naongea usiku kucha, nagawa vitambaa vya wateja kwa wapita njia. Ndugu zangu walinirudisha hospitali kwa nguvu. Chunusi zilipungua kweli, lakini nilipoteza karibu mwaka mzima na wateja ambao mpaka leo hawajarudi. Kwa hiyo yote nitakayokuonyesha leo yanafanyika dawa ikiwa inaendelea kumezwa.

Hatua ya kwanza, daftari. Hili langu ni la shule, la kurasa 48. Andika tarehe uliyoanza dawa, tarehe dozi ilipopandishwa, na tarehe vipele vilipoanza. Kwa kawaida chunusi za dawa hujitokeza wiki au miezi kadhaa baada ya kuanza dawa au baada ya dozi kuongezwa, kwa hiyo tarehe hizo tatu zinamsaidia sana daktari. Kisha simama mbele ya kioo, vua blauzi, mwombe mtu unayemwamini akuangalie na mgongo. Chunusi za ujana huwa mchanganyiko: vichwa vyeusi, vichwa vyeupe, vidogo kwa vikubwa. Za dawa mara nyingi hufanana, kama zimezaliwa siku moja, hazina vile vichwa vyeusi, na hazikai usoni tu. Zinashuka kifuani, mgongoni, mikononi, kwa wengine hata mapajani. Piga picha mchana, karibu na dirisha. Picha hiyo utaihitaji baada ya miezi mitatu, utakapoona kama hakuna kilichobadilika.

Hatua ya pili, rudi kliniki na daftari lako. Hapa mjini wengi tunakwenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Ndugu zangu wa Tabora mnayo Kitete. Aliyeko Kasulu au Kibondo aanzie hospitali ya wilaya. Ukiingia, usisubiri kuulizwa habari za ngozi. Daktari wa akili ana mengi ya kukuuliza kuhusu usingizi na mawazo, na chunusi zinaweza kupita hivi hivi. Mwambie mapema: "Daktari, hivi vipele vinanifanya nifikirie kuacha dawa." Mimi nilipoisema sentensi hiyo, aliweka kalamu chini na kunisikiliza.

Kama huitumii lithiamu, bado hatua hii inakuhusu, na kuna dalili za kumtajia. Risperidoni na haloperidoli zinaweza kupandisha homoni ya maziwa, prolaktini. Kwa hiyo ukiona hedhi imekata, au matiti yanatoa maziwa na hunyonyeshi, sema, hata kama kliniki imejaa na unaona haya. Valproeti ya sodiamu nayo kwa baadhi ya wanawake huvuruga homoni: hedhi inapotea mpangilio, ndevu zinaota kidevuni, chunusi zinakaa sehemu ya chini ya uso. Dada yangu mwenye umri wa kuzaa unayemeza valproeti, zungumza na daktari hata kama ngozi yako ni safi kama kioo, kwa sababu dawa hiyo ina hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni. Lakini usiikate mwenyewe ghafla.

Daktari anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kuiacha ilivyo na kutibu ngozi. Mimi dawa yangu ilibaki. Inanifaa, na tulikubaliana kuhangaika na ngozi.

Hatua ya tatu ni ya kuacha vitu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Mkorogo, weka chini leo. Krimu nyingi za kuchanganya zina steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, ndani yake. Siku za mwanzo vipele vinanywea na uso unang'aa, unadhani umepona. Baadaye steroidi yenyewe inazaa chunusi, ngozi inakuwa nyembamba, na ukiacha kupaka zinarudi kwa hasira. Nyingine zina zebaki, ambayo inaharibu figo. Sisi tunaotumia lithiamu figo zetu ndizo zinazoitoa dawa mwilini. Hatuna figo za kuchezea. Niliuziwa kopo moja lisilo na jina, nikaambiwa ni la mitishamba tupu, na nililipaka miezi miwili. Haya makovu mawili ya shavuni ni yake.

Kusafisha damu. Najua, kila mwenye chunusi ana shangazi mwenye chupa ya mizizi. "Damu yako chafu, kunywa hii, utaharisha siku mbili, uso utatakata." Shangazi anakupenda, lakini kwa mtu wa lithiamu chupa ile ni hatari. Sikiliza kwa makini. Lithiamu yenyewe ni chumvi ya madini. John Cade, daktari wa Australia, ndiye aliyeandika mwaka 1949 kwamba inatuliza wagonjwa wa aina yetu. Figo zetu huishughulikia karibu sawa na chumvi ya kawaida. Ukiharisha, ukatapika au ukatoka jasho jingi bila kunywa maji, mwili unapungukiwa maji na chumvi, figo zinaanza kuzuia chumvi isitoke, na lithiamu nayo inazuiwa pamoja nayo. Inapanda kwenye damu mpaka inakuwa sumu. Mikono inatetemeka kuliko kawaida, unaharisha na kutapika, unapepesuka kama mlevi, ulimi unakuwa mzito. Ukiona hayo, usimeze dozi inayofuata. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, uwaambie unatumia lithiamu.

Kwa sababu hiyo hiyo, usikate chumvi ghafla ati inaleta chunusi. Sisi tuna chumvi ya Uvinza hapo jirani. Itie kwenye mboga kama ulivyozoea, si zaidi wala si pungufu, na kunywa maji siku nzima, hasa msimu huu wa joto. Na kipele kikiuma usimeze diklofenaki wala ibuprofeni, maana nazo hupandisha lithiamu. Parasetamoli inatosha.

Mafuta sasa. Tumekulia kwenye mawese na mise, yale mafuta ya kokwa za mchikichi, na mama zetu wanaamini mtoto asipong'aa hajatunzwa. Paka mise miguuni, viwikoni, kwenye visigino. Usoni, kifuani na mgongoni yaache, pamoja na mafuta ya mgando, maana ni mazito na vitundu vya ngozi vinaziba.

Kutumbua pia acha. Kwenye ngozi yetu nyeusi, kipele kilichotumbuliwa kinaweza kuacha doa la miezi.

Hatua ya nne, kuosha. Sogea karibu na beseni. Maji ni ya uvuguvugu kidogo, au ya kawaida, si ya moto. Sabuni iwe laini, isiyo na manukato. Zile kali za kuua vijidudu, na sabuni ya mawese tunayofulia, zinakausha ngozi mpaka inachubuka, na ukishachubuka dawa ya chunusi itakuunguza. Tazama mikono yangu: natumia vidole tu, sina dodoki, sina kitambaa cha kukwangulia. Nazungusha taratibu mpaka nimalize kuhesabu thelathini, nasuuza, kisha nakausha kwa kubonyeza taulo, sisugui. Asubuhi na jioni inatosha. Nikitoka kwenye cherehani mgongo umelowa jasho, naosha mgongo na kuvaa blauzi ya pamba.

Hatua ya tano, dawa ya kupaka. Nina mirija miwili hapa. Huu ni jeli ya benzoili peroksaidi, asilimia 2.5. Ipo pia ya asilimia 5 na 10, lakini usikimbilie kali. Ndogo inafanya kazi na inachubua kidogo. Huu wa pili ni adapalini, asilimia 0.1. Yote miwili unaweza kuulizia duka la dawa lenye mfamasia, na ukiupata wa bei rahisi usio na jina kubwa ni sawa, soma tu asilimia na tarehe ya kuisha. Mwonyeshe mfamasia na vidonge vyako vingine. Kama ni mjamzito au unatafuta ujauzito, adapalini usiiguse; uliza asidi ya azelaiki, ambayo inasaidia na madoa pia.

Usianze yote kwa pamoja. Wiki mbili za kwanza tumia benzoili peroksaidi peke yake, mara moja kwa siku, asubuhi. Kisha ongeza adapalini usiku, siku moja ndiyo siku moja hapana. Kiasi ni hiki kwenye ncha ya kidole, punje moja ya njegere kwa uso mzima. Weka nukta paji la uso, pua, mashavu na kidevu, kisha sambaza. Dawa hii haipakwi juu ya kipele kimoja kimoja, inapakwa eneo lote, kwa sababu inazuia vile ambavyo bado havijatokeza. Kwepa macho, midomo na pembe za pua. Mgongoni mimi napaka benzoili peroksaidi, naiacha dakika tano, kisha naoga. Angalizo la fundi cherehani: jeli hiyo inatoa rangi kwenye kitambaa. Kola ya kitenge changu kipya iligeuka rangi ya maji ya mchele. Siku hizi nalalia foronya nyeupe, na ninaibadilisha mara mbili kwa wiki.

Ngozi ikikauka, paka losheni nyepesi isiyo na harufu kabla ya adapalini. Ikiwaka moto, pumzika siku mbili tatu na urudi polepole.

Hatua ya sita, jua. Adapalini huifanya ngozi ipate shida na jua, na klopromazini, dawa nyingine ya akili, wenzangu mnaoitumia, ni zaidi ya hapo. Ukikaa Kibirizi ukianika dagaa kutwa, kofia pana au mtandio ni lazima. Losheni ya kukinga jua ukiimudu, tafuta yenye SPF, yaani namba ya nguvu ya kukinga, 30 au zaidi. Jua ndilo linalofanya madoa yakatae kufutika.

Kuhusu vidonge vya chunusi, kama doksisaiklini: usijinunulie. Kabamazepini, dawa nyingine ambayo baadhi yetu tunapewa, huipunguzia nguvu, na dawa za jamii ya doksisaiklini zinahitaji uangalizi ukiwa kwenye lithiamu. Hilo ni la daktari akiwa na orodha yako yote mbele yake.

Sasa subira. Wiki tatu za mwanzo nilionekana vibaya zaidi, na nililia. Mabadiliko niliyaona karibu na wiki ya kumi. Hesabu wiki 8 hadi 12 kabla hujasema haifanyi kazi. Wakati wa kusubiri, mtafute mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Kwangu mimi, mtu huyo ni mdogo wangu wa kike. Kila Jumapili ananiangalia mgongo, ananiandikia kwenye daftari.

Nimezima kamera mchana, sasa nimewasha tena. Ni saa tatu usiku, umeme upo, mnaniona vizuri. Uso nimeshaosha na umekauka. Glasi ya maji hii hapa, na lithiamu hii hapa. Kidonge kwanza. Namaliza maji yote. Kisha ndiyo nachukua adapalini, punje moja ya njegere, naanza na paji la uso.