Mama Aliyelicharaza Gitaa: Chimbuko la Roki

Asanteni. Kabla sijasema lolote, naomba tupige makofi, na siyo ya kunishangilia mimi. Hesabuni moja, mbili, tatu, nne, na kofi lianguke kwenye mbili na kwenye nne tu. Moja na tatu ziacheni zipite. Haya... Naona akina mama wa kule nyuma mmeingia bila kuelekezwa, na najua sababu: ndivyo mnavyopiga kila Jumapili pambio likikolea. Lihifadhini kofi hilo, nitalidai baadaye.

Mmenipa mada ya chimbuko la roki. Wengi ukiwauliza watakujibu mwimbaji mweupe Elvis Presley, mji wa Memphis, Marekani, 1954. Wanaofuatilia zaidi watataja wimbo "Rocket 88", uliorekodiwa mjini humo humo Machi 1951 na vijana wa bendi ya Ike Turner, gitaa likikwaruza kwa sababu amplifaya iliharibika safarini na wakaikandika makaratasi ndani ili ifanye kazi hivyo hivyo. Nakipenda sana kisa hicho. Nani kati yenu hajawahi kupiga kwenye spika iliyochanika? Lakini mimi leo nawarudisha miaka 13 nyuma ya hapo, kwa mwanamke aliyelelewa kanisani.

Anaitwa Rosetta Tharpe. Alizaliwa 1915 Cotton Plant, mji mdogo wa pamba katika jimbo la Arkansas, Marekani. Mama yake, Katie Bell Nubin, alikuwa mhubiri na mpiga mandolini katika Church of God in Christ, kanisa la Wapentekoste weusi. Makanisa mengi ya heshima wakati ule yaliona ngoma na gitaa ni mambo ya kilabuni. Hawa wenzao waliisoma Zaburi ya 150, msifuni kwa matari na kucheza, wakaitii kama ilivyoandikwa. Matari yalipigwa, miguu ilikanyaga sakafu, na kofi lilianguka kwenye mbili na nne.

Rosetta akiwa bado mtoto mdogo, mama yake alihama naye kwenda Chicago. Walikuwa sehemu ya msafara mkubwa: tangu miaka ya 1910 hadi kufikia 1970, watu weusi wapatao milioni 6 walitoka Kusini mwa Marekani, wakikimbia dhuluma na umaskini wa mashambani, wakaenda kutafuta kazi katika miji ya Kaskazini na Magharibi. Walibeba nyimbo zao. Chicago ibada ilikuwa hapa na bluzi, muziki wa huzuni wa watu weusi, ipo mlango wa pili, na mtoto mwenye sikio zuri husikia vyote viwili.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa nyie wapiga solo. Katika pambio, kiongozi anatupa mstari na waumini wanaitikia. Rosetta alikuwa akitupa mstari kwa sauti yake, halafu kiitikio anakitoa kwenye gitaa. Hakuridhika kuchapa ridhimu nyuma ya wimbo, alidonoa nyuzi moja moja, akazivuta mpaka zikalia kama mama mchungaji aliyeshukiwa na Roho. Gitaa likawa kwaya yake. Kila mpiga solo wa roki mnayemjua, anayeimba mstari kisha akaacha gitaa limjibu, anafanya kazi iliyokwisha kufanyika pale.

Oktoba 1938, akiwa New York, alirekodi nyimbo nne kwa kampuni ya Decca. Mmoja uliitwa "Rock Me". Ni sala, utungo wa Thomas Dorsey, mtu anamwomba Mungu amkumbatie na kumbembeleza. Neno hilo "rock" kanisani kwao lilikuwa kutikiswa na Roho. Mitaani lilikuwa na maana nyingine ambayo watu wazima mnaijua. Rosetta aliimba sala ile kwa mngurumo wa kifuani, akaenda nayo hadi Cotton Club, ukumbi wa starehe, bendi ikiwaka. Waumini waliumia. Walisema ameiuza injili.

Naongea jambo hili kwa uchungu kwa sababu nilikuwa kijana wa kwaya, na siku tulipoleta gitaa la umeme la kwanza, mzee mmoja wa kanisa aliamuru lifungiwe stoo, akaondoka na ufunguo mfukoni. Lilikaa humo miezi tisa. Lilipotoka nyuzi zilikuwa na kutu, nami nilizipiga hivyo hivyo hadi vidole vikatoa damu. Kwa hiyo naelewa ilivyo kuambiwa kwamba sauti unayoipenda kuliko zote inamchukiza Mungu wako. Rosetta aliishi na neno hilo maisha yake yote na hakuacha kuimba injili.

Mwaka 1945 wimbo wake "Strange Things Happening Every Day" ulifika namba 2 kwenye chati ya nyimbo za watu weusi. Usikilizeni mkifika nyumbani: kinanda kinakimbia, gitaa linafungua wimbo. Mimi nasema ile ni roki, na Elvis wakati huo ana umri wa miaka kumi. Miaka miwili baadaye, mjini Macon, Georgia, Rosetta alimsikia kijana wa miaka 14 akiimba nje ya ukumbi kabla ya onyesho. Akampandisha jukwaani na kumlipa. Kijana yule ndiye dunia ilikuja kumjua kama Little Richard, nyota wa roki.

Yaliyofuata mnayajua zaidi, nitayapita haraka. Mtangazaji Alan Freed wa Cleveland aliupiga redioni muziki wa watu weusi, akausambaza kwa jina la "rock and roll". Tamasha lake la Machi 21, 1952 lilivunjwa baada ya maelfu kufurika kuliko nafasi iliyokuwepo. Kule Kusini sheria zilitenga weusi na weupe hata kwenye dansi, hivyo katikati ya ukumbi ilifungwa kamba, hawa huku na wale kule. Mpiga gitaa Chuck Berry anapiga, Little Richard anapiga, na kuna usiku kamba inaanguka, vijana wanachanganyika. Wakubwa wa Kusini waliuogopa muziki huu kwa sababu ya kamba ile, hata walipodai kwamba tatizo ni viuno.

Lakini pesa haikuvuka kamba kwa urahisi. Mwimbaji mweusi Big Mama Thornton alirekodi "Hound Dog" mwaka 1952, ukashika namba moja kwa wiki saba mwaka uliofuata, na mwenyewe alisema aliambulia hundi moja ya dola 500. Elvis aliurudia mwaka 1956, na watu wengi mpaka leo wanadhani ni wake. Simlaumu Elvis kwa kuupenda, aliukulia muziki huo. Nawalaumu walioandika historia wakaanzia kwake.

Kuna mnyororo mmoja unaotufikia sisi. Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Unguja mwaka 1946, alipelekwa shule ya bweni India, na huko akapiga kinanda kwenye bendi ya wanafunzi akimfuata Little Richard. Familia yake ilihamia Uingereza 1964, baada ya Mapinduzi. Ndiye Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen. Hesabuni wenyewe: Rosetta, Richard, Farrokh.

Na mwaka huo huo wa 1964, mwezi Mei, Rosetta alikuwa Manchester. Televisheni ya Granada iliigeuza stesheni ya reli iliyofungwa kuwa ukumbi, watazamaji upande huu wa njia ya reli, wanamuziki upande ule. Mvua ikamwagika. Rosetta akaomba wabadilishe wimbo wa kwanza, akaanza na "Didn't It Rain", wimbo wa gharika ya Nuhu.

Alifariki 1973 huko Philadelphia, baada ya kiharusi na kukatwa mguu kwa ajili ya kisukari. Kaburi lake lilikaa zaidi ya miaka 30 bila jiwe lenye jina. Jumba la heshima la roki lilianza kuwatunuku wanamuziki mwaka 1986, na Little Richard alikuwa kundi la kwanza. Rosetta aliingizwa 2018.

Ndugu yangu wa mitambo, naomba uzime taa, uweke ile video ya Manchester. Mtaona mama wa miaka 49 mwenye koti zito, anashikwa mkono ashuke kwenye gari la farasi, anatembea juu ya jukwaa lililolowa. Anachukua gitaa jeupe, la umeme, kwenye mvua. Wale vijana wa Kiingereza ng'ambo ya reli wanapiga makofi kwenye moja na tatu. Akina mama wa nyuma, wasaidieni.