Meza ya Antiokia: Sheria na Neema

Bwana Yesu asifiwe.

Ndugu zangu, wengi tumelelewa na msemo kwamba Agano la Kale ni sheria na Agano Jipya ni neema. Hebu fungueni Kutoka 20. Kabla ya amri hata moja Mungu anajitambulisha: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Pasaka wameshaila, bahari wameshaivuka. Amri Kumi ziliwakuta watu waliokwisha kuokolewa, zikawafundisha namna ya kuishi huru.

Basi mtume Paulo, aliyefundisha kwamba hatupati haki kwa sheria, aligombana na nini? Twende Antiokia, Wagalatia 2. Petro alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi. Wakaja watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, naye akaanza kujitenga, akiwaogopa waliotahiriwa. Wayahudi wengine wakamfuata. Hata Barnaba, jamani! Angalieni vizuri: Petro hakukana neno lolote la imani. Alihama meza tu. Na huyu ndiye aliyeingia nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi, akamwona Roho Mtakatifu akiwashukia wasiotahiriwa. Lakini wale walioachwa na chakula chao walielewa kwamba kumwamini Kristo hakutoshi, kuna kitu bado wamepungukiwa. Ndiyo maana Paulo hakumvuta pembeni, alimkemea mbele ya wote: "Ikiwa haki hupatikana kwa njia ya sheria, basi Kristo alikufa bure."

Jambo hili linaniuma, kwa sababu meza tunazihama hata leo. Binti akipata mimba nje ya ndoa anasimamishwa Meza ya Bwana, anakaa benchi la nyuma miezi kadhaa akisubiri kurudishwa kundini. Kijana aliyempa mimba Jumapili hiyo hiyo yuko mbele, anaimba kwaya. Hiyo sheria ni ya nani? Torati yenyewe haikumwacha mwanamume aende zake.

Mtaniuliza: kwa hiyo tudumu katika dhambi? Paulo aliulizwa hivyo hivyo, akajibu "Hasha!" Nidhamu ya kanisa ipo, nami siipingi. Ila huwezi kumrudi mtu huku umemwondoa mahali anapopewa nguvu ya kutubu.

Wazee wa kanisa mliomo humu, kabla ya kikao chenu kijacho nendeni nyumbani kwa huyo binti mkae naye, mmsikilize. Na huyo kijana wa kwaya mumwite.